Gauni la Wifi

Gauni la kumi na moja lilikuwa la zambarau. Fundi cherehani alilitundika mlangoni, akalipiga picha kwa simu, akaandika chini yake: "Jipya, halijavaliwa. Mwenyewe hakulifuata." Maneno hayo alikuwa ameyaandika kwenye kila nguo tangu asubuhi, na kila alipoituma mtandaoni alijiona ameonewa na wateja wasio na shukrani. Kabati lilikuwa limejaa pomoni, na yeye alitaka mahali pa kuweka vitambaa vipya.

Mtaani walimwita Mama Kesho, ila si mbele yake. Mkono wake ulikuwa mzuri, hilo hakuna aliyebisha. Tatizo lilikuwa ulimi. Ukifuata nguo yako utaambiwa uje kesho, vimebaki vifungo tu. Na vifungo hivyo vingeweza kumaliza miezi.

Chai yake haijapoa, ujumbe ukaingia: "Wifi, hilo gauni ni langu. Nililifuata mara saba."

Fundi aliketi. Alijua tangu mwanzo ni la nani, ila alikuwa amejisahaulisha. Dada wa mumewe alilitaka kwa ajili ya harusi ya binti yake, miaka mitatu iliyopita, akaishia kuvaa la zamani. Fundi mwenyewe hakwenda harusini, alisingizia homa. Tangu hapo wifi hakukanyaga pale, na fundi aliwaambia watu kwamba ana kiburi.

Aibu ilimpanda. Akafuta maneno yale kwenye picha zote, kisha akamwandikia wifi aje achukue gauni lake. Akangoja akichungulia njiani, maana asipokuja leo, undugu ndio umeisha.

Alikuja kabla ya adhuhuri, akasalimia kwa mkato, akajaribu gauni. Zipu ilikwama kiunoni. Wakatazamana, na wifi ndiye aliyeanza kucheka.

"Nimenenepa nikikungoja," alisema.

"Nimekukosea, wifi yangu. Nisamehe."

"Haya. Sasa nije lini?"

Neno lilikuwa limeshafika kwenye ncha ya ulimi. Fundi alilimeza, akafunga mlango, akautia ufunguo mfukoni.

"Huendi popote. Vua, nakutanulia sasa hivi."

Wifi akajifunga shuka, akajimiminia chai. Simu iliita, ikaita tena, hakuna aliyeipokea. Fundi aliinamia mshono wa ubavuni, akaufumua taratibu, na wifi akaanza kumsimulia harusi, tangu mwanzo.