Ufa Mmoja, Kokoto Kumi

Biashara ya nje ilikuwa imefunguliwa juzijuzi, na tayari kreti la vinyago lilikuwa limerudishwa Mwenge kwa sababu ya nyufa. Likirudi la pili, mnunuzi alionya, basi tena. Kikundi cha wachongaji kikaamua mafundi wote wafuate njia moja, na mkaguzi wao, Anjelina, akaambiwa apime ni ipi.

Njia moja ilikuwa ya mumewe. Polikarpo alichonga mpingo ungali mbichi, maana mbichi haubishani na patasi, na sura alizotoa ungetamani kuziamkia. Njia ya pili ilikuwa ya fundi mwenzake, Gregori, aliyefukia magogo kwenye vumbi la mbao mpaka yakauke kabisa, kisha akapigana nayo; patasi ikiteleza, pua inamegeka. Anjelina peke yake ndiye aliyejua kwamba kifundo cha mkono wa Polikarpo kilikuwa kimeanza kumsaliti. Mti mkavu asingeuweza.

Vinyago vya wote wawili vilikaa kiangazi kizima ili nyufa zijitokeze. Siku ya ukaguzi, Anjelina alitia kokoto moja kwenye kopo la fundi kwa kila kosa, kama ilivyokuwa desturi. Kopo la Gregori likajaa. La Polikarpo halikufika hata nusu, na watu wakaanza kumpa mkono.

Anjelina aliona uchungu, maana makosa ya mumewe yote yalikuwa nyufa. Pua iliyomegeka inaonekana hapahapa, inatengenezwa. Ufa unafika Ulaya ndipo unapanuka. Vipi vihesabiwe sawa?

"Tuhesabu upya," alisema. "Ufa mmoja, kokoto kumi. Kosa jingine, moja."

"Mama Tabu!" Polikarpo alicheka. "Mie mumeo! Hizo kumi umezitoa wapi?"

"Nyufa chache tu zimeturudishia kreti zima, Baba Tabu. Kumi hapo nimekuhurumia."

Watu waliangua kicheko, kisha wakasogea karibu walipomwona anahesabu kweli. Kokoto zikafurika kopo la Polikarpo, zikadondoka chini. Kikundi kikakata shauri. Kuanzia siku hiyo ni mpingo mkavu tu.

Anjelina alirudi kwenye mkeka wake wa kupigia msasa kazi za mafundi, akashika kinyago cha Gregori akaanza kukilainisha, macho chini. Alitamani mumewe amfokee, yaishe. Polikarpo alifunga patasi zake kwenye kitambaa, akazikabidhi kwa Gregori, akaja kukaa kando ya mkewe.

"Haya, sogea," alisema. "Nioneshe huo msasa unashikwaje."