Wasifu wa Mama Moelagi, Mlinzi wa Goli

Nimeandika wasifu wa marehemu arobaini na watatu hapa Tottenham, na hakuna hata mmoja aliyelalamika. Shule niliisoma jioni, Kigoma, nikiwa baba wa watoto watatu na mikono inanuka mawese, na Kiswahili changu nilikipata kwa jasho. Kwa hiyo Wakongo wa kanisa letu wakifiwa, hunipigia simu mimi kabla ya mchungaji. Mchungaji husema marehemu yuko mbinguni. Mimi ndiye ninayeeleza alikuwa nani, jambo ambalo mara nyingi ni gumu zaidi.

Mama Moelagi hakuwa amekufa. Aliishi ghorofa ya chini yetu, Msamoa wa miaka hamsini na mitano mwenye mabega ya kubeba jeneza peke yake. Kanisani kwetu alikuja kwa ajili ya nyimbo, akabaki kwa ajili ya pondu, kile kisamvu cha mke wangu Thérèse, ambaye alifanya naye kazi ya kutunza wazee. Ujanani aliichezea nchi yake netiboli kwa miaka kumi na mmoja, mlinzi wa goli. Msimu ukiisha alivaa glovu akawa mdakaji wa softiboli, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kupokea mipira inayokuja kama mawe. Magoti yake hayakusahau mchezo hata mmoja.

Basi kituo cha michezo cha mtaani kikatangaza nafasi ya kocha wa wasichana.

"Babu Philippe," aliniambia jikoni kwetu, kwa kile Kiingereza chake kinachoimba, "miaka tisa nawageuza wazee kitandani. Nataka kushika mpira tena kabla mimi mwenyewe sijaanza kugeuzwa."

Kituo kilitaka maelezo ya maisha yake ya michezo. Vyeti vyake vilichukuliwa na kimbunga, pamoja na paa.

"Niachie mimi," nikasema.

Niliandika kwa siku mbili, kwa mpangilio ninaoujua: kuzaliwa, ubatizo, elimu, kazi, kuugua, familia, shukrani. Kwenye kuugua niliweka magoti: aliyakabili maumivu kwa imani hadi mwisho wa msimu. Nikafunga kwa sentensi ambayo bado naionea fahari: "Sisi tulimpenda, lakini viwanja vilimpenda zaidi."

Mjukuu wangu Keren, miaka kumi na mitano, ndiye mtafsiri wangu. Kiswahili anakielewa ila hujibu kwa Kiingereza.

"Babu, hii inafanana na ile ya mazishi ya Mzee Aristide."

"Mzee Aristide aliandikiwa vizuri sana. Tafsiri, usiguse hata nukta."

Kisha nikapeleka kwa Gires, mwenye duka la uchapishaji. Gires alipoona jina langu hakuuliza kitu, alifanya anachofanya siku zote. Vijitabu vya karatasi ya kung'aa, picha ya Moelagi ndani ya duara, mshumaa, njiwa wawili, na chini yake: 1970, kistari, halafu pengo. Nilidhani ni urembo. Nikatuma.

Jumatano Moelagi alipanda ngazi akihema, mkononi ana kadi yenye maua meupe.

"Soma, Babu Philippe."

Nikasoma. Kituo kilitoa pole kwa familia ya Bi Moelagi Sefo, mwanamichezo wa pekee. Jina lake, kwa heshima zote, lilikuwa limeondolewa kwenye orodha ya usaili wa kesho.

"Nimekufa lini?"

Thérèse alicheka mpaka akakaa sakafuni. "Amekuua! Wa arobaini na nne!"

Moelagi hakucheka. Aliikunja kadi ile ikawa ndogo, tena ndogo zaidi. "Tulikuwa watu watatu kwenye orodha," alisema. "Watatu tu."

"Sikuandika neno marehemu mahali popote," nikasema.

"Uliweka njiwa!"

"Njiwa ni wa Gires."

Thérèse aliacha kucheka. "Wewe mzee, kesho vaa koti lako la mazishi. Tunakwenda kumfufua."

Tulikwenda kwa basi, watatu. Mwenyekiti wa usaili alikuwa Bhavini, mama wa Kihindi wa Stanmore ambaye wazazi wake walitoka Kisumu. Kijitabu changu kilikuwa mezani pake. Alimtazama Moelagi, akaitazama picha, akavuta kiti akakaa. Nilimweleza kosa langu kwa Kiswahili, kwa sababu aibu naieleza vizuri zaidi kwa lugha niliyosomea.

"Mzee," alisema, "bibi yangu alipokufa tulimsomea mistari minne. Hii yako nimeisoma nikalia mbele ya wafanyakazi. Machozi yangu utayarudishaje?"

Mwenzake, Rasik, alitikisa kichwa. "Orodha imefungwa. Aliyeondolewa harudishwi."

"Yesu alirudishwa," Thérèse alisema.

Rasik, ambaye ni Mhindu, alimgeukia Bhavini amsaidie. Wakati huo Moelagi alikuwa ameshavua viatu na kuingia uwanjani, kule wasichana walikokuwa wakifanya mazoezi nyuma ya kioo.

Alisimama mbele ya mfungaji mrefu kuliko wote. Mpira wa kwanza akaupiga kofi. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu aliruka, akaugusa, na aliposhuka goti likakataa. Alianguka kama kabati. Nikafumba macho. Nilijua sasa wanamwona alivyo: mama wa makamo, miguu peku, chini.

Hakuinuka. Alimwita yule binti kutoka pale pale sakafuni.

"Unadhani nautazama mpira? Natazama bega lako. Nilipokuwa mdakaji nilisoma bega la mrushaji, maana bega husema kabla ya mkono. Lako lina mdomo kama mama mkwe. Linyamazishe. Tena!"

Binti akarusha. Nje.

"Tena! Bado linasengenya!"

Mara ya sita mpira ulipita ndani ya pete bila kuigusa, na wasichana wote wakaja kukaa sakafuni kumzunguka. Bhavini aliutazama mduara ule. Kisha akachukua kalamu na, bila kumuuliza Rasik, akarudisha jina la tatu kwenye orodha yake. Halafu akatoka kwenda kumsaili Moelagi pale pale chini.

Barua ilikuja Jumatatu: Moelagi amepata kazi. Keren ameandikishwa kwenye timu yake, hakuulizwa.

Vijitabu vilivyobaki Moelagi amenikabidhi nivitunze. "Ni vizuri," alisema, "siku yenyewe usihangaike kuandika upya." Nimefungua ukurasa wa kazi, nikaongeza mstari mmoja kwa wino: kocha, Tottenham. Lile pengo baada ya kistari nimeliacha kama lilivyo. Haraka ya kulijaza ni ya Gires.