Bibi Seok Anaomba Udongo

Asubuhi ile ukoo wa Maeng ulikuwa ukihamisha makaburi yake ya Yeongju ili kupisha barabara. Pil-sun, mke wa kitinda mimba wa ukoo, aliwapakulia wachimbaji supu ya majani ya figili, akiwazidishia wale waliochoka zaidi.

Kaburi la mwisho lilishinda sururu. Zamani, jeneza la mtu wa heshima lilizungushiwa chokaa iliyochanganywa na mchanga na udongo wa manjano, ikakauka kama jiwe, ili maji na mizizi visimfikie. Ikabidi wavunje kwa mashine.

Ndani, katikati ya nguo zilizoshindiliwa asitikisike, Bibi Seok alikuwa mzima, nyusi na kucha zake, kama alivyozikwa miaka mia nne nyuma. Aliketi, akakohoa vumbi.

"Mkaza mwana, nilegezee hizi kamba."

Pil-sun alizilegeza taratibu, akampa bakuli la supu.

"Haina chumvi."

"Jamani, bibi! Miaka yote hiyo, neno la kwanza ni chumvi?"

"Mimi ni mama mkwe wa mama wakwe zenu wote. Nisipolalamika mimi, nani?"

Wachimbaji walicheka. Kisha Bibi Seok akaeleza haja yake. Alikufa akijifungua mtoto wake wa mwisho, na mtoto huyo naye akafa. Mtoto mchanga hakustahili jeneza wala chokaa. Alifungwa kwenye mkeka, akafukiwa chini ya msonobari ule pale.

"Yeye alishakuwa udongo zamani. Nizikeni hapo, bila chokaa, nami nioze."

Mzee Tae-rok, mkuu wa ukoo, aliinama mara mbili mbele yake.

"Bibi mkubwa, jumba la makumbusho limekuomba. Watakutunza kwa heshima. Hutaoza kamwe."

"Hata mara ya kwanza mlisema hivyo."

Wanaume walikaa kikao na kukubaliana. Wanawake walikuwa wakiosha vyombo. Jioni gari la makumbusho lilikuja, na Bibi Seok akapanda mwenyewe, akiwa ameshikwa mkono.

Ujenzi wa barabara ulipokaribia msonobari, Pil-sun alichota udongo wa pale kwa bakuli, akapanda basi hadi makumbusho. Mlinzi, kijana mwenye adabu, alimfungulia kidogo kabati la kioo alimolazwa Bibi Seok. Pil-sun akaujaza udongo katika viganja vya Bibi Seok, akavifumba.

Bibi Seok alifunga macho. Kidole chake kidogo kikaanza kulainika.

Asubuhi mtunzaji aliuona udongo. Aliufuta wote kwa pamba laini, kidole kwa kidole, huku akimwomba radhi kwa kumsumbua. Bibi Seok alimwambia si kitu.

Kidole kilikauka tena kabla ya adhuhuri.