Kamba Yenye Mafundo

Nyumbani walianza kumwita Daktari kabla hajagusa hata bandeji, na jina likavuka naye mpaka. Sasa alikuwa mwaka wa kwanza wa uuguzi, nchi ya watu, amepanga kwa mama mmoja mjane aliyekuwa kwenye orodha ya chuo ya wenyeji wanaopangisha wanafunzi. Baba yake alimuaga kwa maneno matatu tu: "Wasiwasi ndiyo akili." Mtoto mtiifu huyo aliyashika kuliko masomo yenyewe.

Kwa hiyo mama mwenye nyumba aliposema, "Jumamosi twende pwani kwa mdogo wangu, nauli juu yangu," machale yakamcheza. Mama aliyezoea kufuata watu nyuma akizima taa za ukumbini, leo amekuwa mkarimu? Isitoshe, wiki ile sweta la Daktari lilipotea siku mbili, likarudi limekunjwa vizuri. Na swali la kama ana mchumba alishaulizwa mara tatu.

Kijiji kilikuwa nyumba chache zilizopigwa na upepo, na baridi iliyoingia mpaka kwenye meno. Mdogo mtu aliwapokea mlangoni akamtazama mgeni juu mpaka chini.

"Mabega anayo," alisema, hata karibu hajasema. Akachomoa kamba mfukoni. "Geuka, binti."

Akampima bega mpaka kifundo cha mkono, akafunga fundo. Akampima kifua, fundo jingine. Maelezo hakuna. Ndugu wawili wakatazamana, wakacheka. Kisha akaingia mtoto wa kiume wa mama mwenye nyumba, fundi wa boti, miaka thelathini na ushee, mke hana.

"Ndiye huyu?" aliuliza.

"Ndiye."

"Ameshaambiwa?"

"Hebu funga mdomo wewe!" mama yake alimkemea.

Daktari akasogea karibu na mlango. Dada yake mkubwa alichumbiwa hivyo hivyo: wageni walikuja, wakamkagua, wakacheka. Ijumaa iliyofuata posa ikakubaliwa, na shule ikaishia hapo. Yeye hakubali! Akaomba choo, akajifungia, akamwandikia mlezi wa wanafunzi chuoni: "Mama mwenye nyumba amenileta kijijini aniozeshe mwanawe. Naomba mnihamishe." Akatuma, akatoka kifua mbele.

Chakula hakukigusa, asije akalishwa kitu. Chumba cha nyuma kilifungwa, na cherehani ikaunguruma humo mpaka saa kumi.

Mlango ulipofunguliwa, mdogo mtu alitoka na koti. La bluu, zito, bitana yake ya sufi, la kuzuia mvua na upepo. Nyuma yake, ukutani, zilining'inia kamba nyingi, kila moja na mafundo yake na kibandiko cha jina.

"Hawa wote ni mabaharia wangu," alisema. "Futi yangu ndiyo hiyo. Kila mtu na kamba yake. Ukinenepa, naongeza fundo."

Kamba ya mwisho ilikuwa na jina la Daktari.

"Vifungo nimetoa mimi," alisema fundi wa boti, akiona haya.

"Kila alfajiri nakusikia unakohoa ukienda wodini," alisema mama mwenye nyumba. "Nilidhani labda yuko mchumba wa kukununulia koti, kumbe hakuna. Nikachukua sweta lako tupate kipimo, nalo limelegea kama gunia. Sasa mtoto wa watu anifie ndani, baba yake nitamwambia nini?"

Daktari alivaa. Lilimkaa barabara. Aibu ikamchoma kuliko baridi yote ya mwaka ule.

Kwenye basi la kurudi, simu ya mama mwenye nyumba ililia.

"Nisomee, mwanangu. Miwani nimeisahau kwa mdogo wangu."

Ulikuwa ujumbe wa chuo. Angeweza kusema ni tangazo la biashara. Mama angemwamini, na hilo ndilo lililomshinda. Akasoma neno kwa neno: kufuatia malalamiko ya mwanafunzi kwamba analazimishwa kuolewa, jina lako limeondolewa kwenye orodha ya wenyeji. Mwanafunzi atahamishwa kesho.

"Mwanafunzi gani?"

"Mimi, mama. Niliandika nikiwa chooni. Nitawaambia nilikosea, leo hii hii nitawaambia."

Mama alichukua simu yake, akaitia kwenye pochi, akafunga zipu. Akageukia dirishani. Daktari alianza kufungua vifungo, kimoja baada ya kingine.

"Liache," alisema mama bila kugeuka. "Lilishashonwa kwa kipimo chako. Halimfai mtu mwingine."