Seva Iliyopenda Usingizi

Bwana Toleo alirudi kutoka kongamanoni na mkoba wa bure, fulana ya bure na kiunzi kipya. Mkoba na fulana havikumdhuru mtu.

Jina lake halisi lilikuwa limeandikwa kwenye mlango wa ofisi yake kwa herufi za dhahabu, lakini wafanyakazi walimwita Bwana Toleo, kwa sababu hakuna kitu chenye toleo jipya ambacho aliwahi kukipita bila kukibeba. Kampuni yake ndogo ilitengeneza mifumo ya kompyuta kwa ajili ya zahanati na maduka ya dawa. Kila mfumo hujengwa juu ya kiunzi, yaani mifupa iliyokwisha kutengenezwa na watu wengine huko waliko, na kazi yako wewe ni kuivika nyama. Katika kampuni ya Bwana Toleo mifupa ilibadilishwa mara nyingi kiasi kwamba kama mfumo ungekuwa binadamu, ndugu zake wangekuwa wamekwisha kugawana nguo.

Mama Pacha ndiye aliyekuwa anashona nyama. Aliajiriwa akiwa na stashahada mkononi na watoto wawili tumboni, na vyote viliwatia waajiri wasiwasi. Sasa pacha walikuwa na miaka saba, na yeye alikuwa ameshaandika upya mfumo wa zahanati mara nyingi kuliko alivyobadilisha mapazia ya nyumbani kwake.

"Jamani," Bwana Toleo alianza, akiwa amesimama mbele ya ubao, "seva yetu ni ya kizamani."

Seva ni ile kompyuta kubwa inayokaa mbali na kujibu maswali ya kompyuta nyingine zote. Ya kwao ilikuwa inajibu bila matatizo. Mama Pacha alitaka kujua kosa lake.

"Inakaa macho muda wote," Bwana Toleo alisema.

"Si ndiyo kazi yake, bosi?"

"Hapo ndipo fikra za kizamani zinapoanzia. Seva za kisasa zinalala. Kama hakuna anayeziuliza kitu, zinajizima zenyewe. Mtu akija, zinaamka. Unalipia muda ambao ziko macho tu."

"Kwa hiyo tunaajiri mlinzi wa kulala."

"Mlinzi mwerevu," alisema Bwana Toleo, na mjadala ukafungwa. Alikuwa ameshaomba nafasi ya kuzungumza kwenye kongamano lijalo. Mada yenyewe ilikuwa ubora wa usingizi.

Basi wakahamisha mfumo kwenye kiunzi kipya na seva yake ya kulala. Walipomaliza, wakaujaribu kwa bidii ya watu wanaotazamwa na bosi. Huyu anabofya huku, yule anabofya kule, mwingine anasajili wagonjwa wa uongo wenye magonjwa ya kutisha. Seva ilijibu kabla kidole hakijanyanyuka. Mama Pacha mwenyewe, ambaye alikuwa amekunja uso tangu asubuhi, alikiri kwamba inakimbia. Walikula keki. Wiki iliyofuata mfumo ukapelekwa kwenye zahanati ya kwanza.

Sasa, katika zahanati hiyo, aliyekaa mapokezi alikuwa wifi yake Mama Pacha, mdogo wa mwisho wa mume wake. Alikuwa kwenye muda wa majaribio kazini. Akithibitishwa, angepanga chumba chake mwenyewe. Kwa sasa alilala chumba kimoja na pacha, na mikoba yake ilining'inia kwenye kila msumari, kila kitasa na, kwa siku kadhaa, kwenye mpini wa jokofu. Wifi aliombea uthibitisho huo usiku na mchana. Mama Pacha alikuwa anamwombea zaidi.

"Wifi," binti huyo alimwambia Mama Pacha jioni moja, akisimama mlangoni mwa jikoni, "lile dude lenu linanidhalilisha."

"Dude gani?"

"Si huo mfumo wenu mpya. Mgonjwa anakuja, naandika namba yake, kinatokea kile kiduara. Kinazunguka. Mgonjwa ananiangalia mimi, mimi naangalia kiduara. Leo mzee mmoja kaniuliza kama nimewahi kutumia kompyuta."

"Ukamjibu nini?"

"Nimwambie nini, wifi? Nimemwambia naanza leo."

Mama Pacha alicheka hadi akaunguza kitunguu. Wifi hakucheka. "Wewe cheka. Daktari kashapita mara mbili kaniona nimekaa tu kama picha ukutani. Mwisho wa mwezi ndiyo anaamua. Anaona mimi ndiye mzito."

Asubuhi yake Mama Pacha aliomba ruhusa, akaenda kukaa nyuma ya meza ya mapokezi. Foleni ilikuwa ndefu na mfumo ukakimbia kama kawaida. Akaanza kufikiri kwamba wifi yake kweli ni mzito. Kisha foleni ikaisha. Mapokezi yakatulia, mfagiaji akapita akipiga deki, wifi akatengeneza kucha. Baadaye akaingia mama mmoja anayekohoa. Wifi akaandika namba yake, na kiduara kikaanza kuzunguka, taratibu, kama mtu anayetafuta kandambili gizani.

Hapo Mama Pacha akaelewa, na akaona aibu ya kutosha. Ofisini kwao hakuna aliyewahi kuiacha seva ipumzike. Walikuwa wanaibofya wote kwa pamoja kutwa nzima, halafu wakaisifu kwa kuwa macho. Watu wazima, wenye vyeti kwenye fremu, na hakuna hata mmoja aliyefikiria kukaa kimya kidogo aone itakuwaje. Yeye akiwemo, na keki alikula vipande viwili.

Alirudi ofisini akaeleza. Bwana Toleo alimsikiliza kwa utulivu wa mtu ambaye tayari ana jibu.

"Huo si ubovu. Hiyo ni tabia yake."

"Wagonjwa wanasubiri, bosi. Tuiwekee isilale. Ni sehemu moja tu ya kubadilisha, nusu saa nimemaliza."

"Halafu nitasimama kongamanoni niseme nini? Kwamba seva yangu ina ugonjwa wa kukosa usingizi?"

"Basi angalau tumwambie Daktari kwamba tatizo ni letu."

"Mama Pacha, mteja hapewi wasiwasi. Mteja anapewa huduma."

Hiyo huduma ndiyo aliyokwenda nayo Mama Pacha nyumbani. "Sikiliza," alimwambia wifi. "Dawa yake ni kuigusagusa. Wagonjwa wakipungua, wewe fungua faili lolote, funga. Ukikaa kidogo, fungua tena. Usiiache isinzie."

"Kama mtoto wakati wa ibada."

"Hivyo hivyo."

Wifi akafanya alivyoambiwa. Kwa kuwa alihitaji namba moja asiyohitaji kuitafuta, alitumia namba ya mama yake mzazi, ambaye ndiye mkwe wa Mama Pacha na ambaye alitibiwa magoti hapo hapo. Alikuwa anaijua kwa moyo. Akawa anafungua na kufunga, anafungua na kufunga, huku anamsalimia mgonjwa na kuelekeza mwingine chooni. Kiduara kikatoweka. Daktari, mwanamke mrefu asiyetoa sifa ovyo, alipita mapokezi akasema, "Naona umechangamka," na wifi akaileta sentensi hiyo nyumbani kama zawadi, akairudia wakati wa chakula mpaka pacha wakaikariri.

Kilichomponza wifi si uvivu wa seva. Ni bidii yake mwenyewe.

Kiunzi kipya kilikuwa na mambo mengi ambayo hayakufanya kazi. Lakini ndani yake kulikuwa na mpelelezi, sehemu inayochunguza nani anafungua faili la nani, na ikiona mtu anachungulia habari za mgonjwa bila sababu, inamtumia mwenye zahanati onyo. Bwana Toleo aliiwasha yeye mwenyewe, siku ambayo Mama Pacha alikuwa amempeleka pacha mmoja kung'olewa jino, na hakumwambia mtu kwa sababu alitaka iwe habari njema ya kushtukiza. Ikawa. Mpelelezi alifanya kazi siku ya kwanza, saa ya kwanza, bila kasoro.

Daktari akapiga simu. Mtu wake wa mapokezi alikuwa anafungua faili la bibi mmoja kutwa nzima, siku baada ya siku. Siri za wagonjwa kwake zilikuwa jambo la kufukuzana kazi. Alitaka kampuni ije ithibitishe tu kwamba onyo hilo ni la kweli, kisha amalizane na binti huyo.

Garini Bwana Toleo alikuwa anaimba.

"Umeona? Wiki ya kwanza tu mpelelezi ameshanasa mhalifu. Hii naipeleka kongamanoni kama ilivyo."

"Huyo mhalifu ni wifi yangu."

Aliacha kuimba. "Oh. Pole sana." Akaendesha kidogo. "Lakini ushahidi ni mzuri mno."

"Anafungua ili seva isilale, bosi. Mimi ndiye niliyemwambia."

Bwana Toleo aliegesha gari nje ya zahanati, akazima injini, akamgeukia kwa upole wa mtu anayekuonyesha mlango. "Utaulizwa swali moja. Je, mfumo unasema kweli? Utajibu ndiyo. Huko si kudanganya. Mengine yote ni maelezo, na maelezo yana wakati wake. Nataka kuendelea kukuona ofisini, Mama Pacha."

Walikaa katika chumba kidogo nyuma ya mapokezi, dirisha la kioo likiwaonyesha meza na viti vya wagonjwa. Wifi alikuwa ameshakaa, mikono mapajani. Hakumtazama Mama Pacha hata mara moja, na kwa kutomtazama huko Mama Pacha akajua kwamba hatamtaja.

"Dada," Daktari alisema, "ulikuwa unatafuta nini kwenye faili la yule bibi?"

"Ni mama yangu, Daktari."

"Kila bibi anayeingia hapa ni mama wa mtu. Nimekuuliza ulikuwa unatafuta nini."

Nyumbani wifi alikuwa haishiwi maneno, aliweza hata kugombana na redio. Hapa alirudia tu, "Ni mama yangu."

"Basi," Daktari akawageukia wageni. "Ninyi niambieni kitu kimoja. Mfumo unasema kweli?"

Bwana Toleo akamtazama Mama Pacha. Mama Pacha akafikiria mshahara, ada za watoto wawili wanaoingia darasa moja siku moja, na sura ya mama mkwe akisikia binti yake kafukuzwa kwa kosa la kufungua faili la magoti.

"Unasema kweli," alisema. "Alilifungua. Alilifungua kwa sababu mimi nilimtuma, na mimi nilimtuma kwa sababu seva yetu inalala wagonjwa wakiwa wachache, na ikilala haiamshiki upesi. Tulijua. Hatukukwambia."

"Kwa lugha ya kitaalamu," Bwana Toleo aliingilia, "haisemwi kwamba inalala. Inapumzisha rasilimali."

"Naomba isiguswe, Daktari," Mama Pacha alisema. "Tukae tu. Utaona mwenyewe."

Wakakaa. Ilikuwa saa ya wagonjwa wachache. Feni ilizunguka. Bwana Toleo akaanza kueleza mustakabali wa teknolojia, akasogea, akasogeza na mkono wake, polepole, kuelekea kipanya cha kompyuta iliyokuwa mezani.

"Bwana," Daktari alisema bila kugeuka, "mikono."

Mkono ukarudi.

Hatimaye akaingia mwanamke aliyebeba mtoto mwenye homa. Daktari akamwashiria wifi, wakatoka wote wanne kwenda mapokezi. Wifi akaandika namba. Kiduara kikatokea.

Kikazunguka. Daktari akakitazama. Mtoto akakitazama. Bwana Toleo alitazama viatu vyake.

"Inaamka," alisema.

"Inaamka lini?"

"Inategemea."

Mwanamke mwenye mtoto aliwatazama watu wazima wanne waliosimama kimya wakiwa wameinamia kompyuta moja. "Samahani," aliuliza, "kuna mtu amefariki?"

"Bado," Daktari alijibu, akamchukua mtoto mikononi na kumpeleka ndani bila faili.

Aliporudi hakukaa. Seva iwe macho kabla hajafunga zahanati jioni hiyo, alisema, la sivyo atatafuta kampuni nyingine. Bwana Toleo alijibu kwamba ni wazo zuri sana, na ndilo hasa alilokuwa analifikiria njiani. Kisha Daktari akamgeukia wifi.

"Hufukuzwi. Lakini ungefungua faili lako mwenyewe. Umepewa wazo bovu ukalifuata kimya kimya badala ya kuja mlangoni kwangu. Nakuongezea miezi mitatu ya majaribio, nione kama unajua kubisha hodi."

"Asante, Daktari."

Nje, Bwana Toleo alishika simu sikioni na kutembea huku na huku kando ya gari. Alikuwa anabadilisha mada yake. Mama Pacha alimsikia akimwambia mtu wa kongamano kwamba kampuni yake imegundua kitu ambacho soko zima limekisahau, seva inayokesha, na ya kwanza inaanza kazi leo. Hakumfukuza mtu. Mtu wa kuifanya hiyo seva ikeshe kabla ya jioni alikuwa mmoja tu, naye alikuwa amesimama hapo akitafuta pipi ya kikohozi kwenye pochi yake.

Wifi alimfuata hadi ngazini. Macho yalikuwa mekundu, lakini ulimi ulikuwa umerudi.

"Wifi, ushauri wako mwingine uwe unautumia kwanza kwa kaka."

"Kaka yako hashauriki. Nimekuponza, nisamehe."

"Umeniponza, halafu umeniokoa. Sijui nikudai au nikushukuru." Akapangusa pua. "Ila hicho chumba ndiyo basi tena. Miezi mitatu. Nitaendelea kubanana na pacha."

"Kwani nani kakufukuza? Kaa hata mwaka," Mama Pacha alisema, kwa sauti tamu ya mwanamke ambaye tayari alikuwa amepima ule ukuta wa chumba cha pacha kwa mkanda, akaona kabati linaingia vizuri kabisa pale kitanda cha wifi kilipo.