Ushuhuda wa Fundi Cheche

Foronya ilikuwa na doa la damu lenye upana wa kiganja, na Mama Pacha aliliona kabla hata hajavaa kandambili. Akamgeukia mumewe, aliyekuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akifunga kamba za viatu vya kazi.

"Hii nini?"

"Jino," alijibu mumewe bila kuinua kichwa. Neno lenyewe lilitoka zito, kama la mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni.

Mama mkwe alilala sebuleni, nyuma ya pazia, lakini masikio yake hayakuwa na tabia ya kulala. "Jino gani hilo linatoa damu kama kuku aliyechinjwa?"

"Mama, tafadhali."

"Nauliza tu. Mimi yameng'oka karibu yote, na foronya zangu zilibaki safi."

Mama Pacha hakucheka. Alijua damu ya jino na alijua damu ya ulimi. Miaka mingi ameishi na ulimi huo. Mumewe ameanguka jikoni, ameanguka sokoni, ameanguka kwenye harusi ya dada yake mwenyewe akakokota kitambaa cha meza pamoja na keki. Kila mara mwili ulitikisika, meno yakauma ulimi, na akizinduka anauliza kwa nini watu wanamkodolea macho. Ndipo kliniki ikampa vidonge vya asubuhi na jioni. Kuanguka kukapungua, kisha kukakoma kabisa. Muda wote huo Mama Pacha alikuwa akiomba. Hakuona ugomvi wowote kati ya maombi na kidonge. Alikishika mkononi, akamshukuru Mungu, akampa mumewe na maji, kama mtu anavyoombea chakula kisha akala.

Balaa lililetwa na ushuhuda. Katika ibada ya shukrani, mumewe alisimama na suti yake ya pekee akasema, "Nilikuwa naanguka, na Bwana ameniponya!" Kanisa zima likainuka. Leso zikapepea, ngoma zikalia, mzee mmoja akaruka kama mtoto. Alikuwa bado anataka kutaja vidonge, ndivyo alivyomwambia mkewe baadaye, lakini kipaza sauti kilikuwa kimeshachukuliwa na kwaya imeshaanza. Mama Pacha naye alipiga makofi akasema amina. Maneno yale hayakuwa ya uongo. Yalikuwa nusu ya habari, basi, na nusu hiyo ikaanza kutembea mjini kwa miguu yake.

Mumewe, ambaye kazini walimwita Cheche kwa sababu ya kuchomelea vyuma, akawa mtu wa kualikwa. Wiki hii asimulie kwenye maombi ya vijana, wiki ijayo kwa akina mama. Vidonge navyo vikaanza kuhama: kutoka kwenye rafu karibu na kioo kwenda nyuma ya kopo la sukari, kutoka hapo hadi chini ya sanduku la vifaa. Kliniki hakwenda tena mwenyewe. Alimtuma mkewe, asije akaonekana kwenye benchi.

"Umeacha lini?" aliuliza Mama Pacha.

"Nimeacha nini?"

"Usinifanye mjinga, Baba Pacha."

Mumewe alivuta kamba ya kiatu mpaka ikakaribia kukatika. "Tangu ule mfungo wa kanisa. Nasimama mbele ya watu nasema nimepona, halafu najifungia chooni nameza vidonge kama mwizi. Nikajiuliza, hapa namdanganya nani? Kama naamini, basi niamini."

"Na leo kazi ni wapi?"

Akashika kiatu cha pili. "Kenchi za paa la kanisa."

"Juu?"

"Kenchi zinakaa chini, mke wangu?"

"Usipande."

"Nikawaambie nini? Kwamba yule waliyempigia ngoma ametokwa na povu usiku?" Alichukua ngao yake ya kuchomelea, akambusu mama yake kichwani, akatoka.

Mama Pacha aliwaandaa pacha kwenda shule, akawafunga vifungo kwa nguvu mpaka mmoja akalalamika kwamba anakabwa. Kisha akapiga magoti kando ya kitanda, foronya ikiwa bado mkononi. Hakuwa mtu wa maombi marefu. "Bwana," alisema, "vidonge vile nilikushukuru wewe, unajua. Sasa huyu mtu wako amepanda juu. Naomba umshushe. Sijui utamshusha vipi, ila asishuke kwa kuanguka. Amina." Akainuka, akailoweka foronya kwenye maji baridi yenye chumvi, akaenda kazini. Moyo haukutulia hata chembe. Alikuwa amezoea kuomba na kupata amani. Leo amani haikuja.

Kazi yake ilikuwa kushona. Alikuwa na chumba kidogo cha kupanga, cherehani moja, meza ya kukatia na pasi ya mkaa. Alikuwa hajamaliza hata pindo moja alipoingia Mama Mkaa, muuza mkaa wa mtaa wa nyuma, amemshika mkono binti yake wa miaka kama tisa.

"Mama Pacha! Leo nataka gauni jeupe. Jeupe pe, la kung'aa. Jumapili huyu anashuhudia!"

"Anashuhudia nini, mwenzangu?" Mama Pacha aliuliza, akiuzungusha utepe wa kupimia kifuani mwa mtoto. Mtoto alikuwa na uvimbe mbichi juu ya jicho.

"Si ugonjwa wake! Ule ule wa Baba Pacha. Nilipomsikia baba yule siku ile, nikasema, basi na mimi nimechoka kumlisha vidonge. Nikavimwaga chooni vyote. Chubwi! Nikamwambia shetani, umekwisha."

Utepe ulimponyoka Mama Pacha. "Ameanguka lini mara ya mwisho?"

Tabasamu la Mama Mkaa lilififia, kisha akalilazimisha lirudi. "Jana. Na juzi. Lakini nimeambiwa ndivyo shetani anavyoondoka, kwa kelele. Anaaga."

Mtoto aliwatazama wote wawili kwa macho ya mtu ambaye hajalala vizuri kwa siku nyingi.

Maneno yalikuwa yameshafika kwenye meno ya Mama Pacha, lakini aliyameza. Kama angeyasema yeye, Mama Mkaa angeona ni mke mwenye wivu na imani haba, na mumewe angebaki juu ya kenchi. Maneno haya yalitakiwa kutoka kwenye kinywa kilekile kilichoyaanzisha.

"Nisubirini hapa," alisema. "Mweke mtoto kwenye mkeka, mbali na pasi. Usiondoke, ndugu yangu. Nakuomba kwa jina la Yesu, usiondoke."

Alitoka mbio na utepe shingoni.

Kwenye ujenzi wa kanisa, mafundi walimwona akivuka kifusi cha mchanga.

"Shemeji! Leo chakula kimewahi!"

"Hajaleta hata sufuria, huyo kaleta kesi. Cheche! Umefanya nini nyumbani?"

Cheche alikuwa juu kabisa, amepanda chuma kama mtu aliyepanda punda, na cheche zikimwagika mpaka pale ambapo madhabahu ingejengwa. Mama Pacha alisimama chini yake. Sentensi moja tu ingetosha kumshusha. Ana kifafa, ameacha dawa. Mafundi wangemtoa juu mara moja, na wasingempandisha tena maishani. Aliiona sentensi hiyo waziwazi, akaona pia uso wa mumewe akiisikia kutoka chini, mbele ya wenzake.

Bwana, nisaidie nisiwe mkatili, aliomba moyoni. Na nisaidie nisiwe mwoga.

"Baba Pacha, shuka!"

"Nikimaliza hiki kiungo!"

"Shuka sasa. Kuna mtoto anaumwa."

Hapo alishuka haraka, ngao imegeuzwa kisogoni, akidhani ni pacha. Mama Pacha alishika jukwaa la kupandia kwa mikono miwili mpaka mguu wa mumewe ulipogusa ardhi. Akamvuta nyuma ya rundo la matofali, akamwambia yote, kuanzia gauni jeupe hadi uvimbe juu ya jicho.

"Mimi sikumwambia aache dawa," mumewe alisema.

"Hukumwambia. Alikusikia."

"Labda imani yangu ndiyo ndogo. Labda ningefunga zaidi..."

"Imani yako siwezi kuipima, mimi napima viuno na vifua. Ninachojua ni kwamba ulimi wako una kidonda, na yule mtoto ana uvimbe."

Mumewe aliketi kwenye matofali. Vumbi la chuma lilikuwa limemjaa kwenye nyusi. "Nilidhani namwongezea Mungu utukufu."

"Alikuwa nao wa kutosha."

"Nikisema, kazi imekwisha. Nani atanipandisha juu tena?"

"Hakuna. Hata mimi sikupandishi."

"Tutakula nini?"

"Sijui," alisema Mama Pacha. "Kweli sijui. Tutamwomba yeye, na tutafanya kazi itakayokuwepo. Lakini siwezi kumwomba riziki huku tumemficha yule mama ukweli. Maombi yenyewe yatanikwama kooni."

Mumewe alifunika uso kwa viganja. Midomo yake ilicheza bila sauti. Mama Pacha alisimama pembeni, akimkinga wasimwone, na hakumharakisha.

Alipoinuka alikwenda moja kwa moja kwa fundi mkuu. Alisema kwa sauti iliyosikika na wote: "Mimi naanguka. Dawa ndiyo ilikuwa inanizuia, na nimeiacha. Sipaswi kuwa juu."

Hakuna aliyetania. Mmoja alianza kucheka, akajikuta yuko peke yake, akakohoa. Fundi mkuu aliitazama kenchi, akamtazama Cheche. Akapokea ngao. "Kapumzike," alisema. Hakumwambia arudi lini.

Mama Mkaa alikuwa bado anasubiri. Mtoto alikuwa amelala mkekani, kichwa juu ya kitambaa cheupe ambacho hakijakatwa. Baba Pacha hakuketi. Alieleza akiwa amesimama mlangoni: vidonge, ushuhuda, kipaza sauti, choo, damu ya usiku ule.

Mama Mkaa alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, "Kwa hiyo ulitudanganya."

"Nilisema nusu."

"Mimi nilimwaga dawa ya mwanangu kwa nusu yako?" Sauti ilipanda. "Nimemshika usiku akitikisika, nikaimba! Niliimba, baba! Nilidhani Mungu ananiona!"

"Alikuona," alisema Mama Pacha.

"Wewe nyamaza. Ulipiga makofi, nilikuona."

Ni kweli Mama Pacha alipiga.

"Sikuombi unisamehe leo," alisema Baba Pacha. "Naomba tumpeleke mtoto kliniki sasa hivi. Nitakwenda na wewe. Mimi pia nina la kuwaambia kule. Na Jumapili nitasimama niseme haya mbele ya watu wote. Mungu amenitendea mema, Mama Mkaa, hilo sikulidanganya. Alinitendea kwa vidonge, nikaona haya kwa niaba yake."

Mama Mkaa alimwinua mtoto, akambeba mgongoni ingawa alikuwa mkubwa wa kubebwa, akatangulia.

Benchi la kliniki lilikuwa barazani, uso kwa uso na barabara. Waliketi wanne kwa mstari, Mama Mkaa mwisho kabisa, amewapa mgongo nusu. Katibu wa kwaya alipita na mwavuli wake, akapunguza mwendo, akamwona Cheche chini ya kibao kilichotaja ugonjwa kwa herufi kubwa. Cheche alimpungia mkono.

Mtoto alimtazama. "Na wewe unaanguka?"

"Naanguka."

"Ukianguka unaumia?"

"Sana. Hasa ulimi."

Mtoto alitoa wake, akamwonyesha alama pembeni. Naye akatoa wake. Walitazamana hivyo, ndimi nje, mpaka muuguzi akatokea mlangoni akauliza nani anaanza.

"Aanze mtoto," alisema Baba Pacha.

Mama Mkaa aliinuka na mwanawe. Hatua chache akasimama, akasema bila kugeuka, "Mwombee." Haikujulikana anamwambia nani kati yao, na wote wawili wakainamisha vichwa.