Ramani ya Tinsh Wenz

Jumamosi saa tatu asubuhi Getaneh alikuwa mezani jikoni, ghorofa ya nne, akichora paa la kinu cha kusaga nafaka. Kuchora kwenyewe si kazi: unabonyeza pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, kisha unagusa herufi moja na kuta zinajinyoosha. Kazi ni kukumbuka. Kinu kilibomolewa miaka miwili iliyopita pamoja na mtaa wote wa Tinsh Wenz, na kwenye ramani ya mtandaoni, ile ambayo yeyote mwenye kompyuta anaweza kuichora na kuirekebisha, mahali pake palikuwa na doa la kijivu.

Getaneh alisoma mita za maji mjini Addis Ababa kwa miaka thelathini na minne. Alipostaafu, binti yake alimwachia kompyuta kuukuu, naye akaivamia ramani kama wenzake wanavyovamia karata. Alianza na njia ya kwenda sokoni, akaongeza visima, akaongeza vioski na makanisa. Watu asiowajua, wa nchi asizozijua, walimtumia shukrani na nishani ndogo za rangi ambazo alizifungua moja moja na kumwonyesha mkewe.

"Hicho kipanya unakishika kuliko ulivyowahi kunishika mimi," Aberash alimwambia.

"Nawe kishike. Hakiumi."

Ramani ilikuwa na sharti moja kubwa, limeandikwa ukurasa wa mbele: chora kilichopo ardhini. Getaneh alilipenda sharti hilo. Katika maisha yake ya kazi hakuwahi kuandika namba ya mita ambayo hakuiona kwa macho yake, hata siku za mvua, hata penye mbwa. Lakini lile doa la kijivu lilimkera kila alipolipita. Nyumba mia mbili na kumi na mbili za Tinsh Wenz alizijua kwa mita zake, na hata akilala zilikuwa zikimpitia kichwani kwa mpangilio. Basi akazichora, zote, kwa wiki saba, na kila jioni alituma picha kwenye kundi la simu la watu waliokuwa majirani, ambao sasa walitawanyika katika maghorofa ya serikali kwenye pembe nne za mji.

"Gashe Getaneh, choo changu umekitia kwa Tiruwork," aliandika Lemma, fundi viatu, ambaye kama majirani wote humwita Gashe, yaani kaka mkubwa. "Miaka ishirini tumekigombania, leo unampa bure!"

"Haki imetendeka," akajibu Tiruwork, muuza mikate ya injera. "Mungu akuweke, Gashe."

Tiruwork ndiye aliyekuwa wa kwanza kurudi. Jumapili moja, akitoka kanisani, aliiambia simu yake kwa mzaha impeleke nyumbani. Simu ikampeleka barabara kuu, ikampitisha kwenye pengo la uzio wa mabati, ikamwambia akate kushoto baada ya kinu. Akakata kushoto baada ya kinu. Akatoa mkobani ufunguo ambao hakuwahi kuutupa, akafungua mlango wake.

"Nimefika," aliandika kundini. "Kufuli limeshika kutu, na vumbi lake si mchezo."

"Maji yapo?" mtu akauliza.

"Yapo, ila yanatoka kwa kusuasua."

"Basi ni kwenu kweli."

Jumatatu Getaneh alikwenda na daftari. Mita ya Tiruwork ilikuwa imesogea kidogo tangu alipoisoma mara ya mwisho. Akaandika namba, akapita nyumba ya pili, ya tatu, mpaka ya mwisho, na alipomaliza miguu ilimuuma pale pale ilipokuwa ikimuuma zamani.

Baada ya hapo watu walikuwa wakienda siku za mapumziko. Ilibidi kushika simu mkononi na kuifuata hatua kwa hatua. Aliyekwenda kwa kukumbuka tu alifika kwenye nyasi na vifusi vya simenti. Chala, mlinzi wa uwanja, aliwaona wakiingia, wakitembea nyasini, wakipotea mahali kinu kilipokuwa. Aliwaomba kitu kimoja, wasiache takataka. Alisema yeye ameajiriwa kulinda uzio, na uzio haujaguswa.

Wengi walikwenda kufagia, kunywa kahawa na kurudi kabla ya jua kuzama. Emama Yeshimebet alikwenda na kitanda.

Mtaa mzima ulimwita Emama, yaani mama; alikuwa na miaka themanini na mitatu, na moyo wake, kwa maneno ya daktari, ulikuwa umechoka. Katika Tinsh Wenz hakukuwa na msiba ambao hakuupikia kahawa. Chama cha mazishi kilipopiga hema mbele ya mlango wa mfiwa, birika lake lilitangulia mabenchi. Alipohamishiwa ghorofa ya tano alivumilia ngazi, akavumilia maji ya mgawo, akavumilia jirani mwenye redio. Kisha rafiki yake wa ghorofa ya sita akafa. Ngazi zilikuwa nyembamba, zinakata kona kila hatua kumi, na jeneza halikuweza kupinda. Walilisimamisha wima wakalishusha hivyo, mmoja akisema taratibu, taratibu, na ndani yake mwili ukasikika ukiteremka.

"Sitaki kushushwa nimesimama kama kabati," alimwambia Getaneh siku alipokwenda kumsomea mita. Alikuwa ameketi kwenye kigoda chini ya dirisha, nyasi mbichi zimetandazwa sakafuni, kahawa ya mkupuo wa pili inachemka. "Nilizaa watoto sita nimelala. Nitatolewa nimelala, kwa mlango wangu, watu wakiwa wamekaa kwenye hema. Hicho tu. Unanisikia, mwanangu?"

"Nakusikia, Emama."

"Wewe ndiye mwenye hiyo ramani?"

"Ni ya watu wote, Emama. Mimi nachora tu."

"Basi chora vizuri. Na usiwe na haraka ya kufuta."

Aliahidi. Alikunywa kikombe cha pili, akanywa na cha tatu, kwa sababu kuondoka kabla ya cha tatu ni kumtusi mwenye nyumba.

Wiki mbili baadaye ulikuja ujumbe kutoka kwa Joost, mwalimu wa jiografia huko Uholanzi ambaye hukagua ramani ya Addis Ababa akishasahihisha madaftari ya wanafunzi wake. Hakuwahi kufika Addis Ababa, lakini alikuwa mtu makini, na nishani tatu kati ya zile za Getaneh zilitoka kwake. Mashine ya kutafsiri ilimsemea hivi: "Rafiki mpendwa. Picha mpya ya setilaiti inaonyesha uwanja mtupu. Ramani yetu huchora kilichopo ardhini. Tafadhali ondoa nyumba 212, au nitakusaidia kuziondoa."

Getaneh alimtumia namba za mita zote, mia mbili na kumi na mbili, pamoja na tarehe za kusomwa. Joost alimshukuru, akaomba picha. Getaneh akaenda akapiga picha. Zilionyesha nyasi. Ile ya Emama Yeshimebet ilimwonyesha ameketi kwenye kigoda katikati ya uwanja, birika mbele yake, kiwiko kimeegemea dirisha ambalo kamera haikulinasa.

"Naona bibi mzuri uwanjani," Joost aliandika. "Msalimie."

Akaanza kufuta kutoka kaskazini, nyumba kumi kila jioni. Lemma alikuwa akinyoa ndevu nyumba yake ilipoondolewa. Alimalizia shavu la pili kwa kupapasa, kwani kioo kilikuwa cha nyumba. Tiruwork alikuwa na injera jikoni. Kuta zilipoondoka alisubiri injera iive, akaiondoa, akazima moto, akabeba chuma chake cha kupikia mpaka kituo cha basi. Kundini hakulalamika. Aliandika tu kuwa hii ni mara ya pili, na kwamba mara hii angalau hakuna aliyempigia kelele.

Getaneh alirudisha safu ya kwanza. Kesho yake alipata onyo kwamba akirudia atafungiwa kuchora. Alikaa mbele ya kioo cha kompyuta, moyo unamwuma. Hakuwa na la kumlaumu Joost, maana yeye mwenyewe angefanya hivyo hivyo kama angekuwa Uholanzi na mtu wa Addis Ababa anachora nyumba kwenye uwanja. Ndilo lililomwuma zaidi. Magreda yaliyobomoa mtaa hayakuomba picha.

Akaandika: "Kuna mgonjwa katika nyumba namba 87."

"Pole sana," Joost alijibu. "Je, anaweza kuhamishwa?"

"Alishahamishwa."

Jibu halikuja siku hiyo. Getaneh akaendelea kuandika. Aliuliza kuhusu maghorofa matatu ya kampuni ya ujenzi yaliyochorwa kwa mistari ya buluu iliyokatikakatika juu ya ardhi hiyo hiyo, kila moja na orofa ishirini na mbili na bwawa la kuogelea. Nayo hayapo ardhini, aliandika. Mbona hayafutwi?

"Kampuni ilituma karatasi," Joost alieleza. "Kitu kinachotarajiwa kinaruhusiwa, kikiwa na karatasi."

"Sisi pia tulikuwa na karatasi."

"Ninaamini. Lakini hakuna alama ya kitu kilichokuwepo."

Chala alikuwa ameshamwambia Getaneh kwamba siku hizi, upande wa mashariki wa uwanja, husikia kengele ya lifti ikifika na milango ikifunguka. Watu wa suti walikuja mara moja, wakashika simu mkononi, wakapanda, wakasifu mandhari. Getaneh hakumwandikia Joost hayo.

Siku ya tatu Joost aliandika: "Siku thelathini. Nyumba moja."

"Na njia ya kutokea mpaka barabarani," Getaneh akajibu. "Nyumba bila njia haina maana. Na uwanja mbele ya mlango, mita kumi kwa sita, wa hema."

Alisubiri. Aberash alikuwa amesimama nyuma yake na mkono begani mwake. Alama ndogo ikaonyesha kuwa Joost anaandika, ikapotea, ikarudi.

"Na njia," aliandika Joost. "Na uwanja."

Emama Yeshimebet aliishi siku ishirini na sita katika nyumba hiyo iliyobaki peke yake. Wanawake walipeana zamu kulala naye. Aliuliza mara mbili tu kuhusu majirani wa kaskazini, na alipoambiwa hawapo alisema basi kelele zimepungua. Siku ya ishirini na tano alimwambia Getaneh anyooshe kidogo njia pale penye kona, kwa kuwa kona ile ilikuwa ikiwasumbua wabebaji tangu enzi za mfalme. Getaneh alisita. Kona ilikuwepo, na yeye hakuwa mtu wa kunyoosha kilichopinda. Akarudi nyumbani, akaisogeza mita moja.

Alifariki asubuhi, kahawa ya kwanza ikiwa motoni. Mpiga mbiu wa chama cha mazishi alitembea uwanjani akilitaja jina lake kwa sauti, akiwatangazia watu ambao hawakuwa na kuta za kuwazuia wala za kuwahifadhi, kisha akalituma tangazo lile lile kundini. Walikuja kutoka pembe zote nne za mji, simu mkononi, mashuka meupe yamepinduliwa mabegani kwa ajili ya msiba. Hema lilienea sawasawa katika mita kumi kwa sita. Tiruwork alichemsha ngano na mahindi. Lemma aligonga misumari ya hema kwa nyundo yake ya viatu.

Wanaume sita walimtoa kwa mlango wake, amelala. Walipita kona bila kuinamisha jeneza upande wowote, na Getaneh, aliyebeba nyuma upande wa kulia, alilia wazi wazi, bila kujificha. Kwenye uzio Chala alikuwa ameondoa mabati mawili. Waliporudi kutoka makaburini aliyarudisha kwa misumari ile ile.

Walikaa hemani siku tatu, kama inavyotakiwa. Asubuhi ya siku ya thelathini walikunja hema, wakapakia mabenchi, wakaondoka kila mtu na basi lake. Mchana mtu akaandika kundini: siku ya arobaini ya Emama tukutane wapi? Watu mia moja na sitini waliusoma ujumbe huo. Getaneh naye aliusoma, akaiweka simu kifudifudi mezani.

Kisha akafungua kompyuta, kwa kuwa alikuwa ametoa ahadi kwa Joost, mtu muungwana. Alifuta uwanja wa hema. Alifuta njia. Alipoigusa nyumba namba 87, ramani ilimwomba achague sababu ya kuifuta, na bila sababu haikukubali kuendelea. Zilikuwa tatu: haikuwahi kuwepo, imechorwa mara mbili, kosa la mchoraji.

"Hakuna ya kubomolewa?" Aberash aliuliza.

"Hakuna."

"Tafuta chini."

Alitafuta chini. Nje, jirani wa ghorofa ya tatu alikuwa akianika pilipili kwenye ukuta wa veranda. Chai ilipoa. Getaneh alizisoma tena zile tatu, polepole, akivua miwani na kuivaa, akachagua ya tatu, akaweka jina lake.